Andiko la Ruzuku ya Saratani Lianzie kwenye Rejesta ya Kituo

Muuguzi mmoja anayefanya kazi katika kituo kilicho mbali na hospitali yoyote yenye tiba ya mionzi ameniandikia juma hili akiwa amevunjika moyo, kwa kuwa andiko lake la mradi wa saratani ya matiti limekataliwa na mfadhili kwa barua fupi isiyoeleza sababu. Amesikia kwamba mradi wetu umeongezewa ufadhili kwa awamu ya pili, naye anauliza tulipitia mlango gani. Dada yangu, nimelisoma andiko lako lote, na ninakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wanaonisoma wana andiko kama hilo mezani, lenye kurasa nyingi za uhamasishaji na mistari michache sana inayosema mgonjwa atafikaje kwenye tiba.

Nasi tulianza kwa kukataliwa. Mtathmini mmoja wa mfadhili wa kwanza aliandika kwamba katika jamii za pembezoni tatizo ni uelewa mdogo, na kwamba tungefanya vyema kuelimisha watu kwanza kabla ya kuomba fedha za matibabu. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma hadi leo, kwa sababu wanawake tuliokuwa tukiwahudumia walikuwa wamekwisha kuja wenyewe. Walihisi uvimbe, wakatafuta nauli, wakafika kituoni, wakapewa barua ya rufaa. Kisha wakapotelea njiani kati ya kituo kimoja na kingine, hadi walipoonekana tena saratani ikiwa imekwisha kusambaa. Kusema kwamba mtu wa namna hiyo hana uelewa ni kumwonea.

Badala ya kubishana na mtathmini, tuliketi na rejesta. Kwa kila mwanamke aliyeandikwa kuwa na uvimbe wa titi tulitafuta tarehe tano: alipouhisi uvimbe kwa mara ya kwanza, alipofika kituoni, alipochukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, majibu yalipotoka, na alipoanza matibabu. Ilikuwa kazi ya kupekua madaftari yaliyochanika na kupiga simu ambazo nyingine zilipokelewa na wafiwa. Jedwali lilipokamilika tuliona kwamba ucheleweshaji mkubwa kuliko wote haukuwa nyumbani kwa mgonjwa, bali kati ya kinyama na majibu. Vichupa vyenye vinyama ndani ya formalini, dawa ya kuvihifadhi visiharibike, vilikuwa vikikaa rafuni vikisubiri gari lolote linaloelekea kwenye maabara ya patholojia, inayopima vinyama, kwa sababu hapakuwa na fungu la bajeti la kusafirisha sampuli. Na hasara ya hali hiyo si muda peke yake. Kipimo cha vipokezi vya homoni, ambacho humwonyesha daktari kama mgonjwa atafaidika na dawa kama tamoksifeni, huhitaji kinyama kilichokaa kwenye formalini kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Sampuli iliyosahauliwa rafuni kwa majuma inaweza kutoa jibu lisiloaminika, mgonjwa akanyimwa dawa ambayo ingemfaa.

Jedwali lile ndilo lililotupatia ruzuku, nami nasema hivyo kwa fahari. Tuliliweka kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, tukalilinganisha na vigezo vya Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2021 lilizindua mpango wa kimataifa wa saratani ya matiti: zaidi ya asilimia 60 ya saratani zigunduliwe zikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu waliyopangiwa. Anayeshughulikia saratani ya mlango wa kizazi naye anayo malengo yaliyowekwa mwaka 2020, yaani asilimia 90 kwa chanjo, 70 kwa uchunguzi na 90 kwa tiba, ifikapo mwaka 2030. Mfadhili akiziona tarehe zako zimesimama kando ya vigezo hivyo, itamwia vigumu kukuambia uende ukaelimishe watu.

Fedha za kwanza tulizoomba zilikuwa mishahara ya waongoza wagonjwa, yaani watu wanaomfuatilia mgonjwa hatua kwa hatua hadi afike kwenye tiba. Wazo hilo lilianzishwa na daktari wa upasuaji Harold Freeman mwaka 1990 katika hospitali ya Harlem, New York, ambako wanawake maskini walikuwa wakifika na saratani za matiti zilizokomaa. Miongoni mwa wagonjwa wa miaka ya nyuma hospitalini hapo, asilimia 39 tu waliishi miaka mitano. Baada ya uchunguzi wa bure au wa gharama nafuu kuunganishwa na waongoza wagonjwa, kiwango hicho kilifika asilimia 70. Katika mradi wetu mwongoza wagonjwa ni mtu wa jamii ileile, mwenye simu, orodha ya majina, na idhini ya kuwapigia watu wa maabara moja kwa moja kuuliza majibu yako wapi. Alipwe. Nimechoka kusoma maandiko yanayowapangia wanawake wa jamii kazi hii kwa kujitolea, huku mratibu wa mradi akiwa na mshahara na posho.

Fungu jingine la kupigania ni nauli na malazi. Tiba ya mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo, na anayetoka mbali hawezi kwenda na kurudi kila siku. Akikosa pa kulala, ataiacha katikati. Wafadhili wengi hupitisha kalamu hapo kwanza kwa hoja kwamba hizo si gharama za kitabibu. Usikubali. Waonyeshe kigezo cha asilimia 80, kisha uwaulize mgonjwa atamalizaje matibabu akiwa hana pa kulala. Vivyo hivyo morfini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani: mradi wa saratani usioitaja unawaacha kwenye maumivu wale waliochelewa kufikiwa.

Na ukiahidiwa mashine ya mamografia, ile inayopiga picha za eksirei za matiti, uliza kwanza nani atasoma picha, nani atalipia matengenezo, na mwanamke atakayekutwa na uvimbe atapelekwa wapi. Kumwambia mtu kwamba ana saratani kisha kumwacha hapo ni ukatili, hata kama idadi ya waliopimwa itapendeza kwenye ripoti. Fedha zimfuate mgonjwa, ndugu zangu, tangu kituoni hadi siku ya mwisho ya tiba.

Kwa andiko lako, dada, punguza fungu la uhamasishaji kwa nusu, uelekeze fedha hizo kwenye usafirishaji wa sampuli na kwa waongoza wagonjwa wawili. Omba kibali cha maadili kabla ya kuigusa rejesta, na majina ya wagonjwa yasionekane popote. Pata barua ya hospitali ya rufaa inayotaja siku watakazopokea sampuli zako kila juma, kwa kuwa barua ya kuunga mkono tu haitoshi. Jedwali la tarehe likikamilika, nitumie nilipitie kabla dirisha lijalo la maombi halijafungwa.