Ushauri kwa Wanaoanza Kutazama Ndege katika Hori ya Mida

Wanaojiandaa kwenda kutazama ndege katika Hori ya Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, kwa kawaida huuliza kwanza wanunue darubini ya aina gani. Mimi huwashauri watafute kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya Mombasa. Darubini nzuri haimfai kitu mtu anayefika maji yakiwa yametoka na ndege wametawanyika mbali matopeni, wala anayefika wakati hori imefurika na ndege wengi wamekwisha kwenda kupumzika.

Wakati unaofaa ni saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa. Maji yanapopanda hupunguza eneo la kulia, na ndege husogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, upande wa kibanda kilicho mwisho wa daraja la mbao linalopita kati ya mikoko. (Ada ya kiingilio huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi jirani na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo ilipeni bila kunung'unika.) Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi alasiri, na anayeketi kibandani tangu saa saba na nusu huwaona ndege wakimjia wenyewe. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopanda sana, matope mengi hubaki wazi na ndege hawalazimiki kusogea karibu. Msiwafuate matopeni kwa vyovyote, hasa mwezi wa Machi na Aprili, kwa kuwa wengi wao wakati huo wanajinenepesha kwa safari ya kurudi Asia ya kaskazini, na kila wanaporushwa hupoteza nguvu walizokuwa wakizikusanya.

Katika kuwatambua, msitegemee rangi. Tangu Agosti hadi karibu na Aprili, vitwitwi wengi, yaani ndege wadogo wanaokula matopeni, huwa na manyoya ya kijivu yanayofanana, na kitabu cha picha huweza kumkatisha tamaa anayeanza. Tazameni umbo la mdomo na namna ndege anavyokula. Kitwitwi aitwaye kitaalamu Xenus cinereus ana mdomo uliopinda kuelekea juu. Hukimbia ameinamisha kichwa akimfukuza kaa mdogo, na mara nyingine humpeleka kaa huyo majini kumwosha kabla ya kummeza. Mwingine, Calidris ferruginea, ambaye mdomo wake umepinda kuelekea chini, hutembea taratibu huku akiudidimiza matopeni tena na tena.

Ndege anayestahili muda wenu zaidi ni Dromas ardeola, ndege mweupe mla kaa, mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huzaliana kwenye fukwe zenye joto kali, zikiwemo za Omani na Ghuba, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja. Watazameni kwa utulivu wanaoonekana kuwa na rangi ya kijivu zaidi: hao ni makinda wa mwaka huo, ambao wamekwisha kuruka safari ndefu kuvuka bahari na bado huinama mbele ya wazazi wao wakilia walishwe. Kwa maoni yangu, nusu saa ya kulitazama jambo hilo moja humfundisha mgeni zaidi kuliko orodha ya aina thelathini.

Kazi ya kuhesabu jifunzeni kwa kuandamana na mzoefu, mkianza kama karani wake, na hesabu ya ndege wa maji inayofanywa kila Januari ni nafasi nzuri. Hesabuni kumi kwa uhakika, angalieni kumi hao wamechukua nafasi kiasi gani, kisha mpime kundi lote kwa kipimo hicho, wakiwa wamesimama kupumzika. Kando ya kila idadi andikeni saa na hali ya maji, kwa sababu ndege arubaini walioonekana wakati wa kupwa hawawezi kulinganishwa na arubaini walioonekana maji yakiwa yamejaa.