Barua kwa Mwanangu: Uanzie Wapi Kabla ya Mtihani wa Baraza

Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba Tume ya Vyuo Vikuu imekwisha kuitambua shahada uliyoipata Uchina. Umeniuliza kama, kabla ya mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, urudie vitabu vyote vya miaka ile au pana mahali bora pa kuanzia. Mimi si daktari, nilikuwa muuguzi mkunga hadi nilipostaafu. Lakini nimewapokea wodini madaktari watarajali wengi, yaani wahitimu walio katika mwaka wa mazoezi, waliosoma hapa na waliosoma nje, nami nitakujibu kwa niliyoyaona.

Usivirudie vyote. Anza na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu wa Wizara ya Afya, ule unaokwenda pamoja na orodha ya dawa muhimu. Vitabu vyako vinaueleza ugonjwa vizuri, ila havisemi dawa ipi huwekwa zahanati na ipi hupatikana hospitali ya rufaa peke yake, wala mgonjwa apewe nini kwanza wakati gari la wagonjwa bado linasubiriwa. Kwa maoni yangu, mtahini wa hapa anataka kujua kama unaweza kuachiwa mgonjwa wa hapa.

Chukua malaria kali, ambayo sidhani kama uliiona sana kule. Uweze kusema bila kufungua daftari kwamba sindano ya artesuneti hutolewa mgonjwa anapofika, kisha baada ya saa 12 na saa 24. Kwamba mtoto mwenye uzito wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo na wengine miligramu 2.4; na kwamba akishaweza kumeza humalizia kwa dozi kamili ya dawa mseto ya siku 3. Halafu kifafa cha mimba, ambacho ndicho ningekutahini mimi kama ningepewa mamlaka hayo. Karibu kila mtarajali anajua kuwa dawa yake ni salfeti ya magnesiamu. Wanachosahau ni ukaguzi wa kabla ya kurudia dozi: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa liwe bado linaruka, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu, iwe karibu, kwa sababu magnesiamu ikizidi humkatisha mama pumzi. Kutokwa damu baada ya kujifungua, nimonia ya watoto, utapiamlo mkali, kifua kikuu, VVU na sikoseli uvisome kwa namna hiyohiyo. Biokemia ipitie haraka.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mikono. Uliwahi kuniambia kwamba mlifundishwa kwa Kiingereza huku wagonjwa wakizungumza Kichina, hivyo muda mwingi mlisimama nyuma ya profesa mkitazama. Pengo hilo halizibwi kwa kukesha na vitabu. Njoo Dodoma, umwandikie mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, barua ya kuomba kuhudhuria raundi za asubuhi kama mtazamaji, usikilize jinsi mgonjwa anavyohojiwa na anavyopimwa. Usiandike dawa wala usichome sindano, maana sheria ya madaktari ya mwaka 2017 hairuhusu asiyesajiliwa kutoa tiba, hata kama majirani zetu wamekwisha kuanza kuniuliza ni lini daktari wetu atawapima presha. (Nimewaambia wasubiri.) Jioni ukae na watarajali waliohitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, wakuulize kwa sauti nawe ujibu kwa sauti, ukisoma peke yako kimyakimya ni rahisi mno kujipa maksi.

Habari za ubingwa ziache kwanza, kwani mbele yako bado kuna mwaka mzima wa utarajali. Niandikie tarehe utakayopanda treni, ili baba yako aje kukupokea stesheni.

Mama yako