Ndago: gugu la pembe tatu linalopandwa na jembe lenyewe

Umepalilia tuta la mchicha Jumamosi, likabaki safi. Kufikia Alhamisi vijani vyembamba vya kung'aa vimeshachomoza tena, vimechongoka kama sindano, vingine vimetoboa hata nyasi za matandazo. Mwenye bustani anasema ni ukoka, jirani anasema ni majani yaliyoletwa na samadi. Kwenye bustani za Tabora mjini, za Ujiji na za bonde la Luiche kule Kigoma, gugu la tabia hii kwa kawaida ni ndago. Hakikisha kwanza, maana njia inayomaliza ukoka haimalizi ndago.

Chukua bua lililobeba ua, ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Bua la nyasi ni duara, au limebonyea kidogo, na lina vifundo. La ndago lina pembe tatu unazozihisi zikigota kidoleni, halina kifundo hata kimoja, na majani yake yametoka chini kwa safu tatu.

Sasa chimba. Usivute, kwa sababu ukivuta utasikia "ti", shingo nyeupe imekatika, na chote ulichokuwa unakitafuta kimebaki chini. Zamisha uma wa bustani sentimita 20 pembeni mwa shina, nyanyua bonge zima, ulivunjevunje ndani ya ndoo ya maji. Ukishaosha udongo utakuta kitako kilichovimba chini ya majani, na kutoka hapo nyuzi nyembamba ngumu kama waya. Fuata waya mmoja: unafika kwenye kiazi cheusi chenye magamba, ukubwa wa harage, halafu unaendelea hadi kiazi kingine, na kingine, kama shanga. Kikate kwa ukucha. Ndani ni cheupe na kina harufu kali, kama dawa ya kuchua.

Kama maua ni ya njano badala ya wekundu wa kahawia, na kila waya unaishia kwenye kiazi kimoja cha mviringo chenye utamu, huyo ni ndugu yake. Mbinu ni zilezile, ila yeye huzaa pia mbegu zinazoota, hivyo kata vichwa kabla havijakauka. Na ukikuta majani matatumatatu yenye umbo la moyo, machachu ukiyatafuna, na chini yake vitunguu vidogo vingi, hiyo si ndago kabisa.

Fumbo lote liko kwenye zile shanga. Vikiwa vimeungana, kiazi cha mwisho huvizuia vingine visiote, vinalala. Jembe likipita na kukata waya, kizuizi kimeondoka na kila kiazi kinajiona huru. Kulikuwa na chipukizi moja, sasa kuna matano. Ndiyo maana palizi ya juujuu iliyofanyika mara moja ni afadhali isingefanyika: umekata nyuzi, umeamsha vilivyolala, kisha umeviacha vikue. Lakini kiazi kilichoamshwa kinatumia akiba yake, na hapo ndipo kinaposhikika.

Kwetu mbinu ya kwanza inatolewa bure na kiangazi. Mvua za Tabora zikishakatika Mei, subiri udongo ukauke juu lakini uwe bado unachimbika, yaani Juni hivi. Pindua eneo lote kwa kina cha sentimita 25 hadi 30, maana viazi vingi viko ndani ya sentimita 20 za juu na vichache hushuka zaidi. Okota unavyoviona. Vilivyobaki viache viwe juu. Baada ya siku 10 geuza tena ili vilivyokuwa kivulini vipate jua, na baada ya siku 10 nyingine geuza mara ya tatu. Kiazi kilichokauka hadi kusinyaa na kuwa kigumu kama kokoto hakioti tena.

Hapa watu wengi huharibu. Udongo wa kichanga unaachia viazi kirahisi, lakini mfinyanzi wa mbugani hutoa mabonge, na kiazi kilicho ndani ya bonge kinabaki na unyevu wake hadi Novemba. Piga mabonge. Halafu kuna maji: tuta la sukumawiki linalomwagiliwa pembeni likivujisha upande huu, kazi ya mwezi mzima imepotea. Moto nao hausaidii, unachoma majani tu. Sentimita tano chini kiazi hakina habari. Chumvi na dizeli ndizo mbaya zaidi, kwani zinaharibu udongo utakaoutaka wewe mwakani.

Viazi ulivyookota usivitupe kwenye shimo la mboji. Vianike juu ya bati au sakafu ya saruji mpaka vikauke kabisa.

Mvua zikianza, hesabu majani. Chipukizi likifikisha majani manne au matano bado linakula akiba ya kiazi mama. Likiachwa wiki tatu au nne tangu lichomoze, linaanza kutengeneza viazi vipya, na hapo wewe ndiye unayepoteza. Kwa hiyo palilia kila baada ya wiki mbili, zisizidi tatu, msimu wote, hata pale unapoona machache. Ukiruka raundi moja kwa sababu ya msiba au mavuno ya tumbaku, rudi haraka. Usingoje "yawe mengi ili kazi iwe moja". Tegemea misimu miwili hadi mitatu, kwa kuwa baadhi ya viazi hulala ardhini miaka kadhaa kabla ya kuota.

Bustani za bondeni zisizokauka haziwezi kutegemea jua. Huko silaha ni kivuli, maana ndago inapenda mwanga kupita kiasi. Panda viazi vitamu kwa nafasi ya sentimita 30 kwenye tuta, palilia mara mbili au tatu mpaka marando yafunge, kisha yaachie kazi. Kunde zinazotambaa na fiwi hufaa pia. Vitunguu na karoti usivipeleke hapo kabisa. Havifungi ardhi hata siku moja. Mihogo hufunga, lakini kwa kuchelewa mno. Nailoni nyeusi ya kutandaza nayo huzuia magugu mengine tu. Ndago huitoboa kwa ncha yake.

Dawa? Inayochoma majani tu haina maana, siku chache kijani kimerudi. Glaifoseti husafiri hadi kwenye kiazi, lakini kwa masharti: mmea uwe na majani ya kutosha na unakua vizuri, si ule uliokwishanyauka kwa jua, maji ya kuchanganyia yawe safi, kwa sababu yenye tope huifunga dawa kabla haijafika popote, mvua isinyeshe saa sita za mwanzo, na jembe lisipite hapo kwa wiki mbili. Fuata kipimo cha kwenye lebo na nunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Inaua kila jani la kijani inaloligusa, mchicha wako ukiwemo, kwa hiyo ni ya eneo lisilopandwa. Viazi vilivyolala bila majani haitavifikia, utarudia.

Mwisho, mlango. Ndago yenye maua mekundu ya kahawia husambaa zaidi kwa viazi kuliko kwa mbegu, na viazi husafirishwa na watu: kwenye mchanga wa mtoni, udongo wa kujazia uwanja, jembe la kuazima, na hasa viriba vya miche. Kigoma miche ya michikichi inazunguka sana, na udongo wa juu wa kujazia viriba mara nyingi ndio wenye ndago. Ukijaza mwenyewe, chekecha udongo kwa wavu wa tundu la milimita tano. Ukinunua, angalia shingo ya mche: kijani chembamba kimoja tu cha pembe tatu kinatosha kukufanya uchague mche mwingine, kwa sababu mzizi wa mchikichi umeshajifunga na ule waya na hutautoa bila kubomoa kiriba.