Mkaa ni nishati jadidifu au sio? Mtoto kapewa kosa

SWALI: Habari mtaalamu. Mwanangu yuko form two, kwenye zoezi kaandika mkaa ni nishati jadidifu na gesi ya mtungi sio, mwalimu kampa kosa kwenye mkaa. Mi mwenyewe nimechanganyikiwa, si tunaambiwa tuache mkaa tutumie gesi? Inakuwaje tena gesi ndio isiyo jadidifu?

JIBU: Nzuri dada. Mtoto yuko sahihi ila kwa masharti, na mwalimu nae ana hoja yake. Kampeni ya kupikia inaangalia usafi, yani moshi, masizi, kifua cha mpishi, na pia misitu. Zoezi la mtoto linauliza kitu kingine kabisa: jadidifu maana yake nishati inayojirudisha, kwahiyo swali ni kwamba ukishatumia, inarudi baada ya muda gani? Gesi ya mtungi inawaka safi kweli lakini chanzo chake ni mafuta na gesi ya chini ya ardhi, mamilioni ya miaka kujitengeneza, ukishachoma ndio basi. (Na wengi wanadhani ni ile gesi asilia yetu ya kisiwa cha Songo Songo, hapana, ile karibu yote ni methani na inaenda zaidi kwenye mitambo ya umeme na viwandani, ya jikoni ni propani na butani, inakuja kwa meli kutoka nje.)

Sasa mkaa. Mti unachukua mwanga wa jua unauhifadhi kama nishati ya kikemikali, ukikata ukapanda, miaka kadhaa mbele umerudi, kwahiyo ni jadidifu. Ila tukikata kuliko tunavyopanda hiyo sifa inakufa, na nadhani hapo ndipo mwalimu alipo.

Kinachoniuma mimi zaidi ni upotevu njiani. Chukua kilo 100 za kuni kavu, zina nishati kama megajuli 1,500 (megajuli ni kipimo cha nishati). Tanuri la udongo la porini linatoa mkaa kilo 15 hivi, kila kilo megajuli 30, jumla 450. Yani zaidi ya theluthi mbili imeondoka kama joto na moshi hata gunia halijafika barabarani! Halafu jiko la bati la kawaida, hata tukilipendelea, linaingiza kwenye sufuria moja ya tano tu, megajuli 90. Kwenye 1,500! Kifizikia haijapotea, imetawanyika hewani, ila huwezi kuikusanya ukachemshia maharage. Jiko banifu zuri, lile linalobana joto lisitoroke, linaweza kufika asilimia 30, kwahiyo kama bado uko kwenye mkaa anza na jiko.

Umeme nao mtoto asiuandike jadidifu moja kwa moja, inategemea umetoka wapi. Bwawa la Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, ni jua limevukiza maji, mvua imenyesha, maji yanashuka yanazungusha tabo (mapanga ya mtambo wa umeme), na karibu asilimia 90 ya nguvu ya hayo maji inageuka umeme. Kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, wanachoma gesi asilia, hiyo sio jadidifu, na mitambo ya gesi hata ile bora kabisa duniani inaishia kama asilimia 60, inayobaki ni joto. Kwenye gridi, yani mtandao wa nyaya za umeme wa taifa, vyote vinachanganyika.

Kwenye mtihani aandike: "Mkaa ni jadidifu iwapo miti inapandwa na kukua kwa kasi ya kutosheleza matumizi." Akiandika hivyo na bado akapewa kosa, nenda shule na hayo maelezo ya mti kukatwa, kupandwa na kurudi.