Mwanangu, tofali hizo atanunua nani?

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Nkuhungu, Dodoma, hatujambo, ila upepo wa mwezi huu unatusumbua, vumbi linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Baba yako anakusalimu. Mjomba wako alipita jana jioni, nikamsomea ujumbe wako wote. Alisikiliza, akanywa chai yake, akaondoka bila kutoa neno. Unamjua.

Umeniuliza swali moja. Wenzako sita uliosoma nao wanataka muunde kikundi, mchukue mkopo wa vijana wa halmashauri, mnunue mashine ya kufyatua tofali muiweke Nala, huku Dodoma. Unataka kujua kama uingie nao, au ubaki hapo steshenari Morogoro huku ukiendelea kuomba kazi ya masijala uliyoisomea. Nimelala na swali hilo siku tatu, na kila nikitaka kulijibu najikuta nauliza langu: tofali hizo atanunua nani? Maana mkopo haumpi mtu kazi, mwanangu. Kazi inatoka kwenye oda. Oda kwanza, mkopo baadaye. Neno hili umelisikia tangu ukiwa na kaptula, na leo nalirudia.

Mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa pili pale chuoni, mambo mengi ya nyumbani tulikuficha usivurugikiwe na mitihani. Ulijua tu kwamba mjomba wako ameuza ng'ombe. Hukujua kwa nini. Serikali ilikuwa imeshahamia Dodoma, Mji wa Serikali wa Mtumba unajengwa, Iyumbu kila kiwanja kina rundo la mchanga, na kila kijana mjini alikuwa anazungumzia tofali. Mjomba wako naye aliingia kwenye kikundi cha tofali, cha watu wanane. Walipata mkopo wa milioni 12. Mashine ikachukua milioni 4 na nusu, jenereta milioni 2, na kabla ya mfuko wa kwanza wa sementi kufunguliwa milioni nzima ilikuwa imeshakwenda. Nililiona daftari lao. Lilikuwa la kurasa 96, mistari ya bluu, na kila ukurasa maneno yaleyale: nauli, chai, posho ya kikao, nauli, vocha. Hakuna aliyeiba. Elfu tano tano tu, kila siku.

Kisha wakaanza kuibania sementi. Mfuko wa kilo 50 ukitaka tofali ya inchi 6 inayosimama, toa 25 hivi, ukijikaza sana 30. Wao walitoa 45. Hesabu yao ilikuwa nzuri kwenye karatasi: mfuko shilingi 15,000, ukigawa kwa 25 kila tofali inakula sementi ya shilingi 600, ukigawa kwa 45 inakula 333. Wakaona wamepata shilingi 267 za bure kwenye kila tofali. Na maji hawakuyapigia hesabu kabisa. Bomba lilikuwa la mgao, boza wakaliona ghali, kwa hiyo tofali zikamwagiliwa siku mbili, zikaachwa juani. Sementi haikauki kama udongo wa tembe, mwanangu, inashikana kwa kunywa maji. Ukiikatia maji mapema inabaki mchanga uliopakwa rangi ya kijivu. Hapa Dodoma ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu jua na upepo vinainyonya maji kabla ya saa nne asubuhi. Tofali inatakiwa kivuli au turubai, imwagiliwe asubuhi na jioni, siku 7 bila kuruka, na paving, zile tofali za kutandika chini, zaidi ya hapo kwa sababu zitapitiwa na magari.

Wakapata mteja mmoja, mwenye nyumba wa Iyumbu, tofali 3,000. Lori la kwanza lilibeba 500. Lilipofika, zilizokuwa chini zilikuwa zimesagika, na fundi wa pale akaokota moja akaiachia kutoka usawa wa kiuno. Ikawa vipande vinne. Mwenye nyumba hakugomba. Alisema tu, "Rudisheni." Nauli ya lori kwenda na kurudi ikawa juu ya kikundi.

Marejesho yalipoanza, watatu walikwenda Dar na simu zao zikazimwa. Deni la kikundi halifi kwa sababu wenzako wamekimbia, wanaobaki ndio wanaolibeba. Mwenyekiti na katibu walikuwa binamu, wote wawili watia saini benki, nao wakaanza kuwa wagumu kuonekana. Mjomba wako alikuwa mweka hazina. Aliuza ng'ombe wanne kule Bahi, katika wale alioachiwa na babu yako, akalipa sehemu yake na sehemu ya mmoja wa waliokimbia. Nilimwambia asilipe ya mwenzake. Akasema jina lake liko kwenye karatasi ya kata na hawezi kupita pale akiinamisha uso. Mpaka leo nikifikiria wale ng'ombe nakosa usingizi, na bado siwezi kusema alikosea.

Sasa usinielewe kwamba nauchukia mkopo wa asilimia kumi. Ni haki yenu. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, na haina riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma likawekwa kwenye halmashauri 10 za majaribio ambako fedha zilipangwa kupitia benki. Ni jambo jema, benki inauliza maswali ambayo kamati ya kata ilikuwa inaona aibu kuwauliza watoto wa jirani. Lakini kule kukosa riba ndiko kunakowalaza watu. Kwa sababu hauna riba wanauona kama ruzuku, na siku ya kurejesha wanashangaa.

Safari yenyewe inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nendeni mkiwa na katiba, mhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye saini za wote, orodha ya wanachama na namba zao za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, na barua ya mtaa. Mkishasajiliwa ndipo mfungue akaunti. Kinachokwamisha wengi ni andiko la mradi. Wewe mwenyewe unawachapia watu hapo dukani, unalijua lile andiko moja linalozunguka nchi nzima, linabadilishwa jina tu, leo kuku, kesho tofali. Anayelisoma naye amelisoma mara mia. Andiko lenu liwe na bei za Nala za wiki hiyo: mchanga lori moja shilingi ngapi, boza shilingi ngapi, tofali ya jirani anauzaje. Na liseme mtafanya nini masika, maana kuanzia Desemba mpaka Aprili korongo zikijaa malori ya mchanga yanakwama na bei inapanda. Anayejua hilo ananunua mchanga Oktoba na Novemba.

Kwenye katiba simamia mambo mawili hata wakikuona mkorofi. Watia saini wawe watatu, hela isitoke bila wawili, na wawili hao wasiwe ndugu. La pili, iandikwe mapema anayeondoka anaondoka na nini na anaacha nini. Watu wanaona haya kuandika talaka siku ya harusi. Andikeni hivyohivyo.

Na mashine isile zaidi ya theluthi ya mkopo. Anzeni na kalibu za kufyatulia kwa mkono au mkodi mashine miezi mitatu, mjue kama mnauza. Hela inayoua vikundi ni ile isiyokuwepo kati ya siku mliyopeleka mzigo na siku mliyolipwa. Mkandarasi atakwambia subiri mwezi, utasubiri mitatu, na katika miezi hiyo wafyatuaji wanataka posho ya jioni na sementi haikopeshwi kwa mgeni.

Hapo ndipo nikaanza kubishana na nafsi yangu, kwa sababu kuna kitu mjomba wako na wenzake hawakuwa nacho ambacho wewe unacho. Wao hawakuwa na mtu wa karatasi. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za serikali kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Zabuni hizo sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na kikundi kinachotaka kuomba lazima kisajiliwe humo kama kundi maalumu, kiwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na nyaraka zisizopishana hata herufi moja ya jina. Na siku ya malipo mtadaiwa hati ya kupokelea mzigo, ankara na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Shule zinajenga madarasa, ofisi zinaweka paving, na vijana wenye mashine nzuri wanakaa chini ya mti kwa sababu hakuna anayejua kuingia kwenye mfumo na kusoma masharti ya zabuni mpaka mwisho. Wewe umesomea kutunza kumbukumbu miaka mitatu. Unalia kwamba masijala za mafaili zinafungwa, kila kitu kimeingia kwenye kompyuta. Basi huko ndiko kazi yako ilikohamia. Kikundi hicho kinakuhitaji mezani kuliko kinavyokuhitaji kwenye chepe.

Lakini nikisema hivyo nakumbuka ule ukumbi wa usaili mwaka jana, ulivyokosa kwa alama chache, na nasema labda safari ijayo. Kama utaendelea kuomba, basi omba vizuri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi hawapokei hati za matokeo wala matokeo ya muda, wanataka cheti chenyewe, kilichothibitishwa. Majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yanapishana kwa herufi moja, nilikwambia tangu ukiwa chuoni uende kwa wakili ukaapie, na naona bado. Barua isainiwe na iwe na tarehe. Fungua akaunti yako ya maombi ya kazi mtandaoni kila wiki, kwa sababu mwaliko wa usaili hautakufuata Morogoro. Na ukifaulu usaili nafasi zikawa chache, jina lako linaweza kubaki kwenye kanzidata ukapangiwa baadaye. Wapo waliopata hivyo wakiwa wameshakata tamaa.

Yule mwenzako mnayemtegemea kwa mashine, aliyejifunzia kwa fundi wa mtaani, mwambie aende VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, aulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanampima kwa vitendo anachokijua, akifaulu anapewa cheti bila kukaa darasani upya. Kwenye nyaraka za zabuni cheti hicho kinasomeka.

Baba yako anataka nikuandikie jibu moja, ndiyo au hapana. Mimi nina jibu, sitakuficha kwamba ninalo, lakini una miaka 29 na deni litakuwa na jina lako, si langu. Nikikwambia ingia na mambo yakaharibika nitajilaumu, na nikikwambia usiingie halafu wenzako wakafanikiwa utanilaumu wewe. Nitasema hili tu: kabla hujasaini chochote, nitafutieni watu watatu wenye viwanja, wawape oda kwa maandishi, na mmoja wao awe ametanguliza hela. Mkiwapata, nipigie simu, nami nitasema ninachofikiri. Oda kwanza, mkopo baadaye.

Jumamosi panda treni uje, kutoka hapo Morogoro utafika mapema. Mjomba wako ana tofali moja ya zile za Iyumbu iliyosalia nzima, ameiweka uani chini ya mtungi wa maji. Usimuulize habari zake. Chuchumaa tu, uikwangue kwa ukucha, uone mchanga unavyodondoka.

Mama yako