Muulize Fundi Sauti: Programu za kurekebisha chumba, hela halali au tunapigwa?

Mwezi huu karibu barua zote zimegonga kitu kimoja, hizi programu zinazokuja na maiki, unapima chumba chako afu inanyoosha sauti ya monita, yani spika za studio. Nimechagua nne zenye shida tofauti, zingine zimejirudia.

Kaka fundi mambo. Mimi prodyuza niko Mbagala, nafanyia chumbani kwangu, futi 10 kwa 10, ukutani nimejaza trei za mayai, monita zangu za inchi 5, natumia FL Studio ya kutengenezea biti. Shida yangu besi. Naweka 808, zile besi nzito za biti, mpaka naridhika, nikiupeleka wimbo kwenye gari la mshkaji inavimba hadi milango inatetemeka na msanii hasikiki. Cha ajabu jamaa akikaa kitandani kule ukutani anasema besi imezidi, mimi kwenye kiti katikati ya chumba naiona ya kawaida kabisa. Mmoja ananiambia ninunue hiyo programu itamaliza kila kitu, mwingine anasema utapeli mtupu. Nina hela ya kitu kimoja tu, ninunue? — Kijana wa Mbagala

Usinunue bado mdogo wangu. Na hao washauri wako wawili wote wameteleza, utapeli sio, zinafanya kazi kweli, ila kwa chumba chako na ulivyokaa sasa hivi itakutesa tu.

Anayekwambia ukweli ni huyo wa kitandani. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi sauti inatembea karibu mita 349 kwa sekunde, na chumba cha futi 10 ni kama mita 3 na kidogo, kwa hiyo wimbi la hezi 57 hivi, yani mitetemo 57 kwa sekunde, nusu yake inaingia humo ndani kama limepimwa na fundi cherehani. Linapiga ukuta, linarudi, linakutana na lenyewe. Matokeo yake kwenye kuta besi hiyo inajaa na katikati ya chumba inakufa. Sasa angalia, noti ya A ya chini ni hezi 55, yani hapo hapo 808 zinapoishi, na wewe umeweka kiti chako kaburini kwake. Huisikii, unaongeza. Wa kitandani anaisikia yote pamoja na nyongeza yako, na gari nalo linaisikia. Halafu chumba chako ni mraba, urefu na upana vinaangukia namba ile ile, na siling ikiwa futi 9 nayo iko kwenye 64 hivi, yani zote zimerundikana mtaa mmoja wakati chumba cha mstatili angalau zingetawanyika.

Haya, leta programu. Inapima pale kwenye kiti, inaona shimo kwenye 57, itafanya nini? Itasukuma. Ukisukuma desibeli 12 umeidai amplifaya nguvu mara 16 ya ilivyokuwa, kwa spika ya inchi 5 ambayo huko chini ilishaanza kuishiwa pumzi. Na shimo lenyewe halijai, kwa sababu hilo shimo ni wimbi linalotoka likikutana na linalorudi, ukiongeza linalotoka na linalorudi nalo linaongezeka vile vile, ni kutia maji kwenye pakacha. Programu nzuri zinalijua hili zinaweka kikomo cha kusukuma, kwa hiyo shimo linabaki pale pale na hela yako imeshaondoka.

Zinapofaa ni kwenye vilima. Kama chumba kinapandisha hezi fulani desibeli 8, kuikata haigharimu chochote, spika inapumzika, na pale ulipokaa hata ule mvumo wa besi inayochelewa kunyamaza unapungua. Hapo nazitetea kabisa.

Sasa wewe anza hivi, bure kwanza. Toa kiti katikati, kisogeze mbele mpaka masikio yawe kwenye futi 4 pungufu kidogo kutoka ukuta wa mbele. Monita zisukume karibu na huo ukuta, kama tundu la besi liko nyuma acha nafasi ya kiganja hivi, afu angalia mgongoni mwa monita, nyingi zina swichi ya kupunguza besi kwa ajili ya kukaa karibu na ukuta, watu wanazimiliki miaka hawajawahi kuigusa. Ukiziacha nusu mita au mita nzima kutoka ukutani unajitengenezea shimo lingine, kwa sentimita 60 linaangukia kama hezi 145, pale utamu wa besi gita ulipo. Pembetatu yako na monita mbili pande zote ziwe sawa. Weka wimbo unaoujua vizuri, sogea mbele nyuma kidogo kidogo usikie besi inavyobadilika, utashangaa.

Trei za mayai toa. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6, unadhani linaiona karatasi ile? Zinakula sauti za juu kidogo tu, kwa hiyo chumba kinakuwa kizito huko juu na besi inaendelea na ngoma yake. Na zinashika moto haraka, na najua hapo una ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Hela yako inunue rokwuli, ile pamba nzito ya madini wanayofungia mabomba ya moto na makava ya majenereta, mpe seremala atengeneze fremu za kina cha inchi 4, uzifunike na gunia au kanga, kitambaa chochote ukikipuliza hewa inapita. Vaa glavu na barakoa ukiishika maana inawasha balaa. Kona kwanza, tena kwenye kona paneli ziwe nene kadiri unavyoweza, afu ukuta wa kitandani, afu zile sehemu za pembeni sauti inaporuka kutoka monita kuja sikioni, na popote utakapoziweka acha uwazi kati ya paneli na ukuta, huo uwazi unafanya kazi bure. Sikudanganyi, paneli ya inchi 4 haiui 57, inaipunguza kidogo tu, ila kuanzia mia na kitu kwenda juu utasikia tofauti kubwa mpaka ukipiga makofi.

Zikibaki senti nunua maiki ya kupimia peke yake, kama hiyo UMIK-1 ya miniDSP, inachomekwa USB na kila moja ina faili lake la usahihi kwa namba yake. Shusha REW, programu ya John Mulcahy, ya kupima ni bure. Pima, angalia vilima viwili vitatu chini ya hezi 250, vikate mwenyewe kwa Parametric EQ 2 ya FL, ile ya kupandisha na kushusha hezi unazotaka, ina bendi 7 zinakutosha na chenji inabaki. Mashimo usiyaguse. Hapo umeshapata sehemu kubwa ya kile ulichotaka kununua, na mwakani ukiitaka ile programu kamili nitakuruhusu kwa moyo mweupe.

Habari kaka, mimi nafanya gospo Arusha. Nilinunua programu ya kurekebisha chumba, nikapima kama inavyoelekeza, sehemu zote 37, nikaiwasha. Cha kwanza sauti ikashuka. Cha pili muziki ukawa umepooza, hauna uhai. Cha tatu ndio kimeniliza, nimemkabidhi mteja wimbo, kwenye simu na spika za kanisani ni mwembamba hauna kiuno. Nimepigwa? — Dada wa kwaya

Pole dada yangu. Hilo la tatu ndio la haraka. Nakaribia kuapa kwamba plagini, yani hiyo programu ikiwa ndani ya mradi, iko kwenye masta, njia ya mwisho wimbo mzima unapopitia, na ulipoutoa wimbo hukuizima, kwa hiyo marekebisho ya chumba chako yamechapwa ndani ya faili la mteja. Chumba chako kilizidisha besi, plagini ikaikata, sasa kanisa linasikia mkato bila chumba. Fungua mradi, izime, utoe upya, mtumie mteja kabla hajaanza kuuweka mtandaoni. Ili lisijirudie, usiiweke kwenye masta kabisa. Programu nyingi zina toleo linalokaa kwenye mfumo wa kompyuta, yani inarekebisha kinachoenda kwenye spika peke yake na faili haliguswi, au kama unarekodia Cubase Pro kuna Control Room, njia ya kusikilizia tu, iweke pale. Ila anayetumia Windows na ile Equalizer APO ya bure, inayorekebisha sauti ya kompyuta nzima, ajue haifanyi kazi ukitumia draiva za ASIO, zile zinazoruka mfumo wa sauti wa Windows, unaweza kukaa mwezi mzima unadhani unasikiliza marekebisho kumbe hakuna kitu.

Sauti kushuka ni kawaida. Ili isipasue pale inaposukuma, inashusha kiwango chote kwanza. Kwa hiyo ukiwasha na kuzima kulinganisha, pandisha kidogo volyum ya upande wenye sauti ndogo ziwe sawa, la sivyo sikio litachagua yenye kelele kila siku, masikio ya binadamu ndivyo yalivyo.

Kupooza nako kuna sababu mbili. Ya kwanza umezoea kilima, kimeondoka unakikumbuka, hiyo dawa yake ni kusikiliza nyimbo za watu unazozijua humo humo wiki nzima bila kuzima zima. Ya pili ni programu kuingilia mpaka juu kabisa, na hapo mimi siipendi, kwa sababu huko juu ukisogeza kichwa sentimita 10 vipimo vinabadilika, unarekebisha kitu ambacho hakikai. Tafuta sehemu ya kuweka mpaka, mwambie aishie hezi 300 au 400, huko juu monita yako iachie ifanye kazi ya kiwandani. Wengi wakifanya hivo uhai unarudi.

Na ulipima saa ngapi? Feni ilikuwa inazunguka? Pima usiku, feni zimezimwa, friji hata ichomoe dakika chache, na maiki ielekezwe kama programu inavyosema, usiilaze kwenye kiti.

Ukirekodi waimbaji iweke kwenye hali isiyochelewesha sauti au izime kabisa, ile hali ya kunyoosha fezi, yani mpangilio wa mawimbi kwa wakati, inachelewesha na muimbaji atakuwa anajisikia nyuma ya biti.

Sasa mkuu, niko Nairobi, bedsitter, landlord hataki hata msumari mmoja na jirani akiskia kick saa tatu usiku anapiga mlango. Si afadhali hizi za kurekebisha headphones? — Prodyuza wa Umoja

Kwa hali yako ndiyo, tena bila kufikiria sana. Hedifoni haina chumba, haina kona, haina jirani. Kila modeli ina tabia yake na tabia hiyo inapimika, mfano Beyerdynamic DT 990 inajulikana kwa ukali wa huko juu, ukimiksi nayo mbichi unaweza kuzifunika "s" za msanii mpaka aonekane ana pengo. SoundID Reference, moja ya hizi programu za kulipia, ina vipimo vya modeli nyingi sana tayari, na kabla hujalipa jaribu AutoEq, ni mradi wa bure, unachagua modeli yako inakupa namba za EQ unaziandika mwenyewe. Ila vipimo ni vya modeli, sio vya hiyo uliyovaa wewe, na sponji zikichakaa besi inabadilika, nunua sponji mpya kabla ya kununua programu. Upana wa stirio utaendelea kukudanganya, kwenye hedifoni kila kitu kiko mbali kulia na kushoto, hiyo kagulie kwenye spika yoyote hata ya rafiki.

Assalaam alaykum. Tunajenga studio Unguja kwa ajili ya taarabu, vyombo vingi vya kurekodi kwa pamoja, bajeti ipo ya kutosha. Tuchukue monita zenye marekebisho ndani yake au monita za kawaida na programu? — Mzee wa kundi

Waalaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Chukueni zenye marekebisho ndani. Genelec za aina ya SAM na mfumo wao wa GLM, au Neumann zenye DSP, yani kompyuta ndogo ya kuchakata sauti, na maiki yao ya kupimia ya MA 1, zote marekebisho yanakaa ndani ya spika yenyewe, kwa hiyo hata mtu akicheza wimbo kutoka kwenye simu unarekebishwa, na hakuna faili la mteja litakaloharibika kwa sababu fundi alisahau kuzima. Napenda pia kwamba GLM haijaribu kujaza mashimo makubwa, inakata vilima inaacha. Trinnov ya Wafaransa, kifaa cha kurekebisha chumba, ni nzuri mno ila hiyo ni ya bajeti nyingine.

Ila mzee, kwa sababu mnajenga, hamjapaka hata rangi, bahati hiyo hawa vijana wa juu hawana. Chumba cha kusikilizia kisiwe mraba, na urefu usiwe mara mbili ya upana au ya kimo, na mwachie fundi sentimita 20 hadi 30 za pamba ukuta wa nyuma na kwenye kona kabla ya kufunga bodi. Nitumie ramani kabla hawajamwaga zege.