Ukipiga picha nyumba ya Mji Mkongwe, usiipanue

Nyumba ya kwanza ya kale niliyoipiga picha kwa ndani ilikuwa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Bi Mkubwa mwenye nyumba aliitazama picha kwenye kioo cha kamera, akanirudishia. “Mwanangu, mbona nyumba yangu inaanguka? Na chumba changu umekigeuza ukumbi wa harusi!”

Nilikuwa nimefunga lenzi pana sana, ya milimita 16, kisha nikainua kamera ili dari iingie. Kuta zikainamiana. Na katika mji ambao sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka kweli Desemba 2020, neno “inaanguka” halisemwi kwa mzaha.

Chumba cha nyumba hizi ni kirefu na chembamba, na sababu iko juu ya kichwa chako: boriti. Ni miti ya mikoko, na ile inayoweza kubeba sakafu ya mawe na chokaa haizidi sana mita tatu, basi upana wa chumba nao ukaishia hapo. Lenzi pana mno inaufuta wembamba huo. Siku hizi sishuki chini ya milimita 24. Nafasi ikinibana nasimama mlangoni, na ikishindikana kabisa napiga nusu ya chumba, sioni aibu.

Kamera naiweka kwenye tripodi, usawa wa kifua, isitazame juu wala chini. Fremu ya mlango ndiyo timazi yangu. (Kama yenyewe imepinda kwa uzee, iache ipinde.)

Kazi yenyewe ni mwanga. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, karibu nusu mita, na ndani mna kiza. Zima taa kwanza, maana balbu inatia umanjano pembeni huku dirishani kuna weupe wa nje, na kuvipatanisha baadaye kwenye kompyuta ni mateso. Kisha fungua madirisha ya upande mmoja tu. Mwanga ukija wa ubavuni, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinapata kina. Utaona chokaa iliyopakwa mara juu ya mara ilivyozilainisha kingo zikawa kama mdomo wa bakuli. Usikivu wa mwanga ISO 100, tundu la lenzi f/8, sekunde moja au mbili. Napiga tatu: ya kawaida, ya giza kwa ajili ya dirisha, ya mwangaza kwa ajili ya pembe, halafu naziunganisha. Mtoto akipanda ngazi mbio katikati ya hizo, anza upya.

Uani nenda kabla ya saa tatu asubuhi. Mchana nusu yake inaungua nusu inakuwa nyeusi. Mlango wa nje ni kinyume chake. Kichochoro ni chembamba, jua linafika chini karibu na saa sita tu, na likiteremka hivyo kwa juu ndipo nakshi za mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, zinapoinuka.

Adabu unaijua: hodi tatu, kimya, ondoka. Kanga zilizoanikwa uani usizipige bila kuuliza, na kiti ulichokisogeza kirudishe.

Nilirudi Malindi na picha mpya, safari hii imechapishwa kwenye karatasi. Bi Mkubwa akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye dari, polepole, mdomo ukihesabu.

“Kumi na saba,” akasema. “Zote zimo. Haya, kaa unywe chai.”